Kihisi Kinapokosea, Kidole Kinasemaje?

Nianze na habari ambayo huenda wengi wenu iliwapita. Novemba 2025 kampuni ya Abbott ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya vihisi vyake vya sukari, vile vya FreeStyle Libre 3 na Libre 3 Plus, vilikuwa vinasoma sukari chini kuliko ilivyo mwilini. Hitilafu ilitokea kwenye mstari mmoja tu wa uzalishaji kiwandani, lakini kwa Marekani peke yake vihisi vilivyohusika vilikadiriwa kufika milioni 3. Kampuni yenyewe ilisema imepokea taarifa 736 za madhara makubwa kutoka nchi mbalimbali, pamoja na vifo 7 ambavyo huenda vinahusiana na hitilafu hiyo.

Asiyeishi na kisukari anaweza kuuliza: namba ikisoma chini kidogo, ubaya uko wapi? Ubaya uko kwenye kile ambacho mtu atafanya baada ya kuiona namba. Anayetumia insulini akiambiwa sukari imeshuka, anakula kitu kitamu na anaahirisha sindano. Sasa kama sukari haikushuka, amejiongezea sukari na papo hapo amejinyima dawa. Akifanya hivyo mara moja atachoka na kukojoa usiku kucha. Akiendelea nayo, mwili unaanza kuunguza mafuta, ketoni zinajaa, damu inaingiwa na asidi, na hapo roho iko mashakani.

Wapo watakaosikia habari hii waseme: basi vidude hivyo visije kwetu kabisa. Mimi naona vingine. Vihisi vinakosea, ni kweli, lakini havikosei ovyo. Vina nyakati zake za kukosea na vina sababu zake, na nyingi zinajulikana. Anayekivaa bila kujua kinakosea lini amejitia hatarini, na anayejua ana msaada mkubwa mkononi. Basi leo tuzipitie nyakati hizo.

Kwanza tukijue kifaa chenyewe. Kinabandikwa kwenye ngozi, mara nyingi upande wa nyuma wa mkono, juu ya kiwiko, na vingine tumboni. Chini yake kuna uzi mwembamba unaoingia ndani ya ngozi kwa milimita chache tu. Uzi huo umepakwa kimeng'enya ambacho kikikutana na sukari hutoa mkondo mdogo mno wa umeme. Sukari ikizidi, mkondo unazidi. Ikipungua, nao unapungua. Kifaa kinaugeuza umeme huo kuwa namba na kuirusha kwenye simu. Wazo hili ni la zamani, maana watafiti Leland Clark na Champ Lyons walilieleza mwaka 1962. Hata hivyo, Marekani iliruhusu kifaa cha kwanza cha kuvaliwa mwaka 1999 tu, na mgonjwa aliyekivaa hakuona namba yoyote: alikaa nacho siku chache, kisha daktari ndiye aliyesoma. Vingi vya leo vinakaa siku 10, 14 au 15, na namba mpya inakuja kila dakika 1 au kila dakika 5.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Uzi ule haugusi damu. Unakaa kwenye majimaji yaliyo kati ya seli za mwili. Sukari huingia kwenye damu kwanza, ndipo ivuje kwenda kwenye majimaji hayo, na safari hiyo huchukua dakika 5 hadi 15. Sukari ikiwa imetulia, kama asubuhi kabla ya chai, damu na majimaji vinakaribiana. Lakini umemaliza sahani ya wali, au umetoka kukimbilia daladala, au insulini imeanza kufanya kazi, hapo damu imeshakwenda mbele na kihisi kinafuata nyuma. Unajitoboa kidole, glukomita, kile kipimo cha damu ya kidole, inasema 8.5 (milimoli kwa lita). Unatazama simu, inasema 6.8. Unakasirika na kukiita kihisi kibovu. Kumbe kila kimoja kimesema kweli: kimoja kimesema habari za damu ya sasa hivi, kingine kimesema habari za dakika kadhaa zilizopita.

Kuchelewa huko hakumdhuru mtu aliyetulia. Kunamdhuru yule ambaye sukari yake imeshuka na ameshaanza kujitibu. Tuchukue mfano. Ni saa nne usiku, simu inalia, namba ni 3.1, jasho linakutoka, mikono inatetemeka. Unakunywa nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, ambayo ina gramu kama 15 za sukari. Hiyo ni dozi sahihi kabisa. Baada ya dakika 15 unatazama simu: bado 3.1, pengine 2.9. Hofu inakushika. Unamaliza soda, unaongeza ndizi, unaongeza maandazi mawili ya mchana. Saa saba ya usiku unaamka kiu imekukaba na sukari iko 16. Nani amekosea hapa? Nusu ya kwanza ya soda ilikuwa imeshapandisha damu, ila majimaji yalikuwa hayajapata habari. Kwa hiyo, ukishatibu sukari iliyoshuka, subiri dakika 15 na uulize kidole. Kihisi usikiulize wakati huo, maana jibu lake litakuwa limechelewa.

Hata hivyo, kihisi kina kitu ambacho glukomita haina, nacho ni mshale. Mshale unaelekea juu, chini, au umelala. Dalili ya mvua ni mawingu, na mshale ndiyo mawingu yenyewe. Namba 5.0 yenye mshale uliolala ni habari njema; lakini 5.0 ile ile yenye mishale miwili ya kushuka, nawe unataka kushika usukani, ni onyo. Mtu aliyezoea kihisi hutazama mshale kabla ya namba. Hata namba ikikosea kidogo, mara nyingi mwelekeo unabaki wa kweli.

Wakati wa pili wa kutiliwa shaka ni siku ya kwanza. Ukishabandika kihisi kipya, programu inakutaka usubiri kiwe tayari, kati ya nusu saa na saa 2 kutegemea aina. Watu hudhani muda huo ukiisha kazi imekwisha. Lakini ngozi imetobolewa, kuna kidonda kidogo ndani, pengine na damu imevuja ikauzunguka uzi. Mwili unahitaji muda kutulia, na namba za saa 24 za mwanzo ndizo zinazoyumba zaidi. Siku hiyo usijidunge insulini ya kurekebisha sukari kwa kuamini simu peke yake.

Wakati wa tatu ni usingizini. Ukiulalia mkono wenye kihisi, unayakamua yale majimaji yasizunguke vizuri kwenye sehemu hiyo, na namba inaporomoka ghafla bila sukari kushuka. Kengele inalia, nyumba nzima inaamka, mtoto anashindiliwa juisi bila haja. Dalili yake unaweza kuiona kwenye mchoro wa asubuhi: mstari ulikuwa umenyooka, ukaanguka kama umekatwa, kisha ukarudi pale pale ulipokuwa mara mtu alipogeuka. Lakini usiku ule ule usibahatishe. Mgeuze mtoto, mtoboe kidole, ndipo uamue. Na kama hali hiyo inajirudia, kihisi kinachofuata kiwekwe upande ambao halalii.

Sasa tuje kwenye usahihi wenyewe. Makampuni hutangaza asilimia. Kihisi cha G7 cha kampuni ya Dexcom kinatajwa kuwa na wastani wa tofauti wa asilimia 8.2, na Libre 3 ya Abbott asilimia 7.9, vikilinganishwa na vipimo vya damu vya maabara. Mnunuzi akisikia asilimia 8 anadhani kila namba iko ndani ya asilimia 8. Sivyo. Huo ni wastani: nyingi zimo ndani yake, nyingine zimetoka nje, na chache zimetoka mbali. Tuseme simu inasema 15 na kweli ya damu ni 12. Kwa mtu ambaye uniti 1 ya insulini humshushia sukari kwa 2, tofauti hiyo ya 3 ni uniti moja na nusu za bure, nazo zitamkuta amelala. Ndiyo maana hata watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye maelezo ya kifaa: namba isipolingana na unavyojisikia, pima kwa kidole.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana, nalo ni dawa. Uzi ule unatambua umeme, na baadhi ya dawa huleta umeme wa uongo. Vihisi vya Dexcom vya zamani vilipandishwa namba na parasetamoli. G6 na G7 vinavumilia hadi gramu 1 kila saa 6 kwa mtu mzima, yaani vidonge viwili vya kawaida, na zaidi ya hapo namba inaweza kupanda kwa uongo. Kwa Libre 2, onyo lililotolewa Marekani ni vitamini C ikizidi miligramu 500 kwa siku. Sasa zifikirieni zile tembe za vitamini C za kuyeyusha kwenye maji, ambazo moja tu ina miligramu 1000, na jinsi tunavyozinywa tukipata mafua. Mtu anakunywa, sukari inasomeka juu, anajidunga insulini asiyoihitaji.

Hapa kwetu naomba tuitazame zaidi dawa moja, haidroksiurea, inayotumiwa na wagonjwa wengi wa selimundu. Afrika Mashariki inaijua selimundu vizuri, hasa kuzunguka Ziwa Viktoria. Na mtu mwenye selimundu akipata kisukari, kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu hakimfai, maana chembe zake nyekundu za damu hufa mapema na majibu hutoka chini kuliko kweli. Kwa hiyo yeye ndiye ambaye kihisi kingemsaidia kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini haidroksiurea hupandisha namba kwa uongo kwenye baadhi ya vihisi, vikiwemo vya Dexcom, kiasi kwamba sukari inaweza kushuka kweli na simu ikaendelea kusema mambo ni shwari. Mgonjwa wa namna hiyo asiuziwe kihisi kabla ya kuulizwa anatumia dawa gani. Na anayeuza, kama hajui jibu, asiuze.

Halafu kuna joto letu. Vihisi vya Dexcom G6 vinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za selsiasi. Baadhi ya Libre za mwanzo ziliandikwa 4 hadi 25. Sasa mnaijua Dar es Salaam ya Januari na Februari, mnaijua Mombasa wakati wa kaskazi: mchana nyuzi 32, na ndani ya chumba chenye paa la bati ni zaidi. Boksi lililosafiri kwenye buti la basi, likakaa dukani juani, likapelekwa kwa bodaboda mchana wa jua kali, limepita kwenye joto ambalo halikuruhusiwa. Kimeng'enya ni kitu cha kuharibika, na ukikitazama kihisi kwa nje huwezi kujua kimeungua au la. Kikishabandikwa mwilini kinastahimili joto zaidi. Shida ni kabla ya hapo. Kihifadhi kwenye kivuli, mahali pakavu palipo baridi kuliko pote nyumbani, na usikitie kwenye friza. Jasho nalo lina kazi yake, ya kubandua gundi, ila hilo plasta ya juu inalimaliza.

Basi tumetaja kidole mara nyingi, tukikague nacho. Glukomita si maabara. Kanuni ya kimataifa ya 2013 inairuhusu ipishane na maabara kwa asilimia 15 kwenye vipimo 95 kati ya kila 100, sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Na ukishika embe, muwa au tende kisha ukajitoboa bila kunawa, utapima sukari ya tunda. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utoboe. Stripu za glukomita nazo zina tarehe ya mwisho na hazipendi unyevu, kwa hiyo kopo lifungwe kila mara. Ukishafanya hivyo, na sukari ikiwa imetulia, kidole ndicho cha kukipimia kihisi. Vikipishana kidogo, endelea na kihisi. Vikipishana sana, rudia baada ya nusu saa. Kama bado vimepishana, kihisi hicho usikiamini kwa uamuzi wa insulini.

Kwa ndugu zetu wanaofunga Ramadhani, jambo hili lina uzito wa pekee. Mwongozo wa madaktari ni kufungua sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, na mwongozo huo huo unasema kujitoboa kidole hakuvunji saumu. Basi ikifika alasiri na simu ikasema 3.7, kidole kinaweza kukuonyesha kama ni kweli. Lakini ukiwa unatetemeka na jasho linakutoka, fungua. Usikae kubishana na vifaa.

Tena tusisahau kimya. Tumezoea kusema kimya ni heri, lakini kwa kihisi kimya kinaweza kuwa hatari. Mwishoni mwa Novemba 2019 mitambo ya Dexcom ilikwama, na wazazi waliokuwa wakifuatilia sukari ya watoto wao kwa simu hawakupata taarifa. Mei 2025 vipokezi vya kampuni hiyo hiyo, vile vifaa vya kupokea namba badala ya simu, viliitishwa kwa sababu spika za baadhi yake hazikulia. Na hapa kwetu kuna sababu za kila siku: simu imeishiwa chaji umeme ukiwa umekatika, au simu yenyewe imeifunga programu ili kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya simu, iruhusu programu hiyo iendelee kufanya kazi muda wote. Na kabla ya kulala, hakikisha namba unayoiona ni ya sasa.

Baada ya yote hayo, kuna faida gani basi? Ipo. Mwaka 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 322 wenye kisukari aina ya kwanza, watu wazima na watoto. Vihisi vya wakati ule vilikuwa duni kuliko vya leo. Hata hivyo, wenye umri wa miaka 25 na kuendelea walipunguza sukari yao kwa kiasi cha kuonekana kuliko waliopima kwa kidole tu, na walionufaika zaidi ni wale waliovaa kifaa siku nyingi za wiki. Vijana ambao hawakukivaa sana hawakupata kitu. Maana yake, kifaa chenye kasoro kilisaidia mikononi mwa aliyekizoea na kukitumia.

Sasa nigeukie wanaoagiza, wanaouza na wanaogawa. Kule kihisi kinakotengenezwa, kikifa siku ya sita, mteja anapiga simu, anasoma namba ya kifaa, na mara nyingi anatumiwa kingine bure. Huku wengi wetu tunaletewa na jamaa anayerudi kutoka Dubai au Uingereza. Kikifa siku ya sita, tumpigie nani? Wakati mwingine hata programu ya simu ya nchi hii inakikataa kihisi cha nchi ile. Na likitoka tangazo kama lile la Novemba 2025, nani atamtafuta mama wa Tanga au kijana wa Kisumu amwambie avue kidude mkononi? Msaada au biashara inayoleta vihisi bila stripu na bila mtu wa kupokea malalamiko imeleta nusu ya kifaa.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukienda kununua, muulize muuzaji mambo matatu. Vihisi hivi mmevihifadhi wapi tangu vilipofika? Kikiharibika kabla ya siku zake, nani anakibadilisha? Na nani atanijulisha kampuni ikiviita virudi? Akijibu yote, nunua, tunza boksi lenye namba za kifaa mpaka siku ya mwisho, na nunua na stripu. Akibabaika, chukua pesa yako ukanunue stripu peke yake, maana pesa ya kihisi kimoja itakupatia vipimo vya siku nyingi ambavyo unajua namna ya kuvihakiki.